Kasi ya Kumbukumbu ya Kompyuta: Pima Kabla ya Kusifu

Juma hili nimeona tuzungumzie mtindo uliowakolea vijana wengi wenye kompyuta, yaani kuisukuma kumbukumbu ya mashine iende kasi kuliko kawaida yake. Fundi atakwambia mashine itaruka. Mimi nauliza: itaruka kwa kiasi gani, na nani amepima?

Kumbukumbu ninayoisema si diski inayotunza mafaili. Ni vile vipande vinavyoshika kazi iliyo mkononi, na umeme ukikatika husahau yote. Vipo vipande vingi vya aina ya DDR4 vilivyoandikwa 3200, lakini ukivipachika huamka na kasi ya 2133 mpaka uviamuru vinginevyo katika mipangilio ya mashine. Vipimo vya kasi kubwa vimeandikwa ndani ya kipande chenyewe. Intel ilianzisha utaratibu huo, uitwao XMP, mwaka 2007. AMD ikaleta EXPO mwaka 2022. Ukiuwasha, kasi hupanda, na umeme nao hupanda, kwa kawaida kutoka volti 1.2 hadi 1.35.

Kwa hesabu, kipande kimoja chenye kasi ya 2133 hupitisha gigabaiti 17 kwa sekunde, na cha 3200 hupitisha 25.6. Hilo ni ongezeko la asilimia 50. Je, kazi yako nayo itapata kasi hiyo? Hasha.

Chukua mfano wa daladala. Safari ni dakika 60, na 6 kati ya hizo ni za kusubiri taa. Muda wa taa ukipunguzwa nusu, umeokoa dakika 3 tu. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Prosesa ina ghala lake dogo la karibu, na mambo mengi huyapata humo bila kuisubiri kumbukumbu. Anayechapa barua hataona tofauti. Atakayefaidi zaidi ni mwenye mashine isiyo na kadi ya picha, kwa sababu picha za michezo hutumia kumbukumbu hiyo hiyo.

Tena 3200 mbili si lazima zilingane. Iliyoandikwa CL16 huanza kujibu baada ya nanosekunde 10. Ya CL22 huchukua 13.75. Soma namba zote mbili kabla hujatoa fedha.

Kupima si kazi ngumu. Chagua kazi unayoifanya kila siku, ishike kwa saa mara tatu kabla na mara tatu baada, kisha linganisha. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Na kwanza tazama kama una kipande kimoja au viwili. Viwili vinavyofanana, vikikaa katika nafasi zake, hufungua njia mbili za data bila kulazimisha chochote.

Hatari kubwa si mashine kuzima. Hatari ni mashine kuendelea kufanya kazi huku ikikosea kimya kimya: tarakimu moja katika hesabu za duka, faili moja lisilofunguka tena. Kwa hiyo weka nakala ya kazi zako kwanza, kisha iache programu ya Memtest86 ikague usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, rudisha kasi ya zamani.

Mashine ya michezo, ijaribu upendavyo. Iliyobeba ada za wanafunzi au akiba za wanachama, iache katika kiwango chake rasmi.