Viashiria vya Saratani Katika Damu ya Mjamzito

Mjamzito wa wiki ya nane akionekana na uvimbe kwenye ovari, wakati mwingine huandikiwa kipimo cha CA-125, eti kuondoa shaka. Majibu yanarudi 80, na pembeni mwa karatasi imechapwa kwamba kikomo ni 35. Shaka haikuondoka, imezaa hofu.

Hiyo 35 haikuwekwa kwa ajili ya wajawazito. CA-125 ni protini inayotolewa na seli za saratani ya ovari, lakini hutolewa pia na utando wa ndani wa kizazi unaoipokea mimba, na hata na mfuko wa maji. Ndiyo maana hupanda katika miezi mitatu ya kwanza, kwa baadhi ya wanawake wazima kabisa ikapita 100, kisha hushuka katikati ya mimba na kupanda tena kwa muda baada ya kujifungua. Hata kwa asiye na mimba, faibroidi huipandisha, na kifua kikuu cha tumbo huipandisha sana. Kuipima katika wiki hizo za mwanzo, kwa maoni yangu, ni kununua wasiwasi. Altrasaundi ikirudiwa baada ya wiki kadhaa hueleza mengi zaidi, kwani vifuko vingi vya maji kwenye ovari huwa vimeshatoweka vyenyewe.

AFP ina kisa chake. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake, huko Moscow, waliikuta kwa panya wenye saratani ya ini, ilhali ni protini ya kijusi. Ini la mtoto huitengeneza, nayo huvuja hadi kwenye damu ya mama na kuongezeka mpaka kama wiki ya 32. Kwa mwenye homa ya ini sugu, AFP kubwa humfanya daktari atafute saratani. Kwa mjamzito wa wiki ya 16 humfanya amtazame mtoto: labda ana mgongo wazi, labda ni pacha, labda kondo la nyuma lina hitilafu. Au tarehe za mimba zilikosewa, na hilo ndilo la kuhakikisha kwanza.

CEA na CA 19-9 mimba haizisumbui sana. LDH, kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu seli zikiharibika, nayo hutulia, mpaka shinikizo la damu la mimba lianze kuharibu ini na chembe nyekundu. Ikipita 600, kinachotafutwa haraka ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Kiashiria ninachokiheshimu kuliko vyote ni hCG, homoni ileile ya kipimo cha mkojo. Katika mimba zabibu, ambapo kondo la nyuma hukua isivyo kawaida, huweza kupita 100,000, na baada ya kizazi kusafishwa hupimwa kila wiki mpaka irudi kawaida, kwani mabaki yake huweza kugeuka saratani. Mwaka 1956, Marekani, Min Chiu Li alimtibu kwa methotreksati mama mwenye saratani ya kondo la nyuma iliyofika mapafuni. Madoa ya mapafuni yalipotoweka hakuacha dawa. Alisubiri homoni nayo iishe. Wakubwa wake waliona anawatia wagonjwa sumu bure, akapoteza kazi. Baadaye ikadhihirika kwamba waliotibiwa kwa njia yake ndio waliopona moja kwa moja, na mwaka 1972 akawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker.

Ndiyo sababu mwanamke aliyesafishwa mimba zabibu huitwa kliniki kwa miezi hata akijisikia mzima, na hupewa uzazi wa mpango: mimba mpya ingepandisha hCG, na hakuna ambaye angejua imetoka wapi.