Chapa ya Gunia, Chapa ya Faili

Mtu aingiaye katika ghala la kahawa mjini Moshi, baada ya zao la Kibosho, Machame na Marangu kukobolewa na kuchekechwa, huona kila gunia limepigwa chapa, AA kwa punje kubwa, PB kwa punje ya duara iliyomea peke yake ndani ya tunda, na ya kuwa karani haangalii uso wa mchukuzi bali huisoma chapa. Desturi hiyo, ambayo wakulima wa KNCU, chama kilichoasisiwa mwaka 1933, wanaijua vema, ndiyo itufaayo kueleza ulinzi uliomo ndani ya simu zao.

Maana Android, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, hulindwa kikamilifu na SELinux, kazi ya shirika la Marekani liitwalo NSA, iliyotolewa hadharani Desemba 2000 na kuingizwa katika kiini cha Linux, ambacho ndicho msingi wa Android, mwaka 2003. Kila faili na kila programu iliyo kazini huvikwa lebo yenye mtumiaji, wadhifa, aina na ngazi. Na programu aipakuayo mwenye simu hupewa aina ya untrusted_app, yaani mgeni asiyeaminiwa bado, ambaye akiomba kufungua faili, kiini hulinganisha lebo zao mbili na kukata shauri kwa sheria zilizokwisha andikwa, hata kama mwenye faili ameridhia.

Aandikaye programu za Linux huzifikia lebo hizo kwa fanksheni za maktaba ya libselinux. Getfilecon huuliza faili lina lebo gani, na jibu lake sharti liachiliwe kwa freecon, la sivyo kumbukumbu ya mashine hujaa polepole. Setfilecon huomba lebo ibadilishwe, nami nasema huomba kwa kusudi, kwani hata msimamizi mkuu wa mashine aweza kunyimwa.

Na hapa wengi hujikwaa. Gunia lililobebwa kutoka ghala hadi ghala huenda na chapa yake ya kale, ilhali kahawa iliyomiminwa katika gunia jipya hufuata chapa ya hilo jipya. Vivyo hivyo faili lililohamishwa kwa amri ya mv hubaki na lebo ya lilikotoka, na nakala mpya ya cp, aghalabu, hupata ya iendako. Fundi huhamisha kurasa za tovuti kutoka folda yake, seva ikakatazwa kuzisoma, naye kwa ghadhabu akauzima ulinzi wote. Jambo hili hunihuzunisha mno, kwa kuwa amri moja tu, restorecon, ingaliuliza kwa fanksheni ya selabel_lookup ni lebo gani ipasayo mahali pale, ikaibandika, na kurasa zikasomeka papo hapo, mlango wa ghala ukiwa bado na komeo lake.