Utepe wa Umeme Nyumbani

Utepe mweusi wautumiao mafundi wa umeme ni plastiki laini yenye gundi upande mmoja. Huvutika, wala haupitishi umeme. Nyumbani kwetu una kazi nyingi. Ncha ya kamba ya kiatu ikifumuka, naizungushia kipande chembamba, nayo hupenya tunduni tena. Mpini wa nyundo unaoteleza huuzungushia utepe, ukashikika vema. Funguo zinazofanana nazifunga utepe wa rangi mbalimbali, nikazitambua mara moja.

Namna ya kufunga ni hii: futa vumbi na mafuta, vuta utepe kidogo, na kila mzunguko ulalie nusu ya ule uliotangulia. Mzunguko wa mwisho usiuvute, usije ukabanduka.

Lakini, wazazi na wanafunzi wenzangu, tuangalie jambo moja. Waya wa pasi uliochunika haufai kufungwa utepe ukatumiwa. Joto hulegeza gundi, waya hupindwapindwa, na mwishowe shaba hubaki wazi karibu na mkono. Umeme wa nyumba zetu Tanzania ni volti 230, nao huua. Chomoa plagi, kisha mwite fundi abadilishe waya mzima. Tahadhari kabla ya hatari.