Nani Apewe Nafasi ya Bilal?

Wakati wa likizo ya madrasa, Jumamosi moja baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu iliwaonesha vijana filamu ya Ar-Risala katika ukumbi wa chini. Uamuzi huo haukufikiwa kwa wepesi. Mzee mmoja wa kamati alisimama akasema kwamba Masahaba hawachezewi, kisha akaketi. Mwenzake akamjibu kwamba watoto wetu wanatazama katika simu mambo ambayo hakuna kamati iliyopata kuyajadili. Tukakubaliana filamu ioneshwe, wazee waketi pamoja na watoto, na mimi niliye katibu nibebe lawama ikitokea.

Lawama ilitokea, ingawa si kutoka upande tulioutazamia.

Kesho yake vijana walikaa barazani wakaanza mchezo wao. Lau tungetengeneza sisi filamu hiyo, nani awe nani? Nafasi ya Hamza ikaenda kwa kijana mrefu mwenye mabega mapana. Abu Sufyan akapewa mtoto wa mwenye duka, kwa sababu, walisema, anajua bei ya kila kitu. Ilipofika zamu ya Bilal hakuna aliyefikiri hata kidogo. Vidole vyote vilimwelekea mtoto mmoja ambaye rangi yake ni nyeusi kuliko ya wenzake. Nilikuwapo. Nilicheka pamoja nao na nikasema, "Naam, amefaa." Mtoto yule hakucheka.

Baada ya Magharibi mama yake alinisubiri nje ya lango. "Shikamoo, mama," nilimwamkia, maana ni mkubwa kwangu. Aliitikia, kisha akasema, "Ustadhi, mwanangu ananiuliza kwa nini yeye ndiye awekewe jiwe kifuani." Nikaanza kumweleza cheo cha Bilal, kwamba kufananishwa naye ni heshima. Alinikatiza kwa upole. "Bilal namjua. Ninalokuuliza ni kwamba walimchagua kwa lipi."

Sikuwa na jibu. Nimesoma chuo cha dini miaka minne na sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, mchezo wa kuchagua nani aigize nafasi ya nani huonekana jambo la kupitisha wakati. Watu wazima huucheza pia, wakibishana kuhusu filamu ambazo hazitatengenezwa kamwe. Lakini sura inayochaguliwa haiishii katika kioo cha filamu, bali huhamia katika kumbukumbu ya mtazamaji na kukaa humo. Mimi mwenyewe, kila nisomapo habari za Uhud katika sira, huniwia taabu kuiondoa akilini sura ya mwigizaji niliyemwona utotoni. Maulamaa walilitambua hilo mapema sana.

Mwaka 1926 mwigizaji mashuhuri wa Misri, Youssef Wahbi, alikubali kuigiza nafasi ya Mtume Muhammad (s.a.w.) katika filamu iliyokusudiwa kutengenezwa na kampuni ya Ulaya. Al-Azhar ilipinga vikali, na Mfalme Fuad akamwonya kwamba angefukuzwa nchini na kuvuliwa uraia. Wahbi akaiacha nafasi hiyo. Tangu hapo, yeyote aliyetaka kusimulia zama za Mtume kwa filamu alijua kwamba swali la kwanza atakaloulizwa halitahusu fedha wala vifaa. Ataulizwa ni nani atakayeonekana.

Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria aliyesomea filamu Marekani, aliulizwa swali hilo miaka hamsini baadaye. Katika Ar-Risala, iliyotoka mwaka 1976, Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera inasimama mahali pake. Waigizaji wanaikabili, wanasema nayo, wananyamaza kana kwamba wanajibiwa, kisha wanayarudia maneno waliyoambiwa ili mtazamaji ayasikie. Wakeze na binti zake hawaonekani, wala Makhalifa wanne. Sayyidna Ali (r.a.) anatambulikana kwa upanga wake wenye ncha mbili, basi. Kwa maoni yangu hakuna uteuzi bora katika filamu ile kuliko nafasi hiyo iliyoachwa tupu. Mtoto wa miaka saba aliyeketi karibu nami usiku ule alininong'oneza, "Anamtazama nani?" Nikamwambia. Akasogea mbele, akayatazama macho ya mwigizaji mpaka tukio lile likaisha.

Zaidi ya hayo, Akkad alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Alitengeneza filamu mbili kwa wakati mmoja, moja ya Kiarabu na nyingine ya Kiingereza, mahali pale pale, kila moja ikiwa na waigizaji wake. Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Hamza wa Kiarabu ni Abdallah Gaith wa Misri, na katika toleo hilo hilo ndugu yake, Hamdi Gaith, ni Abu Sufyan. Ndugu wawili wakakabiliana kama maadui. Hindu binti Utba ni Irene Papas wa Ugiriki kwa wale, na Muna Wassef wa Syria kwa hawa. Bilal wa Kiingereza ni Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar, na wa Kiarabu ni Ali Ahmed Salem.

Basi wapo Waislamu ambao Hamza wa kumbukumbu zao ana uso wa Mmexico, na wengine ana uso wa Mmisri. Nimeyaona matoleo yote mawili. Gaith ananivutia zaidi kwa sababu ya lugha, na Quinn kwa namna anavyoshuka katika farasi. Hakuna kati yao aliyefanana na Hamza, maana hakuna picha ya Hamza ya kumlinganisha nayo. Walichopewa kuonesha ni ushujaa wa mtu asiyeona haja ya kupaza sauti. Miaka michache baadaye Akkad alimrudia Quinn amwigize Omar Mukhtar, mwalimu wa Qurani aliyewapinga Waitalia nchini Libya na kunyongwa mwaka 1931 akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1981. Akkad hakuchagua Mlibya. Alimchagua mtu aliyeweza kuvaa miwani ya mzee, kuketi kimya, na bado ukaamini kwamba majeshi yanamwogopa.

Mfano wa karibu zaidi na swali la mama yule ni wa Malcolm X. Filamu ya Spike Lee ya mwaka 1992 ilimpa nafasi hiyo Denzel Washington. Aliyesoma maisha ya Malcolm anajua kwamba alikuwa mrefu mno, rangi yake ya maji ya kunde, nywele zake zikielekea wekundu, hata ujanani aliitwa kwa jina la wekundu huo. Denzel ni mweusi kuliko yeye na si mrefu kama yeye. Lakini alikwishamwigiza Malcolm jukwaani miaka kumi kabla, akaujua mwendo wake wa kusema: pale anapokatisha sentensi, pale anapotabasamu kabla ya kupiga. Leo ukiwauliza vijana wengi Malcolm alikuwaje, watakueleza Denzel. Rangi haikufanana, na hakuna aliyelalamika.

Mbona basi kwa Bilal tunaanza na rangi na kuishia hapo hapo?

Nilirudi vitabuni, na nilichokikuta nilikuwa nakijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo bila kukizingatia. Waislamu wa Madina walipokuwa wakitafuta njia ya kuitana kwa sala, Abdallah bin Zayd (r.a.) aliota ndoto akafundishwa maneno ya adhana. Akaja kwa Mtume akamsimulia. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume aliithibitisha ndoto hiyo, kisha akamwamuru Abdallah amfundishe Bilal maneno yale ili Bilal ndiye ayanadi, kwa sababu sauti ya Bilal inafika mbali kuliko yake. Aliyeota hakupewa kunadi. Alipewa mwenye sauti.

Hiyo ndiyo sababu ambayo mama yule aliitaka kwangu. Bilal aliteuliwa kwa koo lake. Ukitaka wa kuigiza nafasi yake, funga macho kwanza usikilize. Katika baraza letu yupo mtoto mweupe, mwembamba, mwenye makamasi karibu mwaka mzima, ambaye akiadhini watu wa mtaa wa pili husimamisha mazungumzo. Hakuna kidole kilichomwelekea. Na yule tuliyemchagua, Mwenyezi Mungu amhifadhi, sauti yake haivuki mlango.

Kosa la pili ni letu sote tunaosimulia. Tunamkumbuka Bilal akiwa chini ya jiwe, tukamwacha palepale. Jiwe lilikuwa sehemu fupi ya umri wake. Alipigana Badr, ambako Umayya bin Khalaf, aliyemtesa, aliuawa. Alishika matumizi ya nyumba ya Mtume. Ilipofunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini, na vitabu vya sira vinasimulia kwamba wapo walionung'unika kwa sababu ya rangi yake. Mtume alipofariki hakuweza tena kuadhini, akaondoka kwenda Sham. Inasimuliwa kwamba Umar (r.a.) alipofika huko aliombwa aadhini, akakubali, na watu waliosikia sauti ile wakalia kwa kukumbuka zama za Mtume. Alifariki huko Sham akiwa amepita miaka sitini.

Kwa hiyo, kama ningeruhusiwa kuota, filamu yangu ingeanzia Sham. Bilal ni mtu mzima mwenye mvi, ana shamba, ana majirani, na hataki kuadhini. Nafasi hiyo ningempa Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou, Benin, mwaka 1964. Kwanza umri wake umefika. Pili, katika filamu ya Amistad ya mwaka 1997 sehemu kubwa ya maneno yake yalikuwa kwa Kimende, lugha ambayo ilibidi ajifunze, kwa hiyo Kiarabu hakitamshinda. Sababu ya tatu ndiyo hasa iliyonifanya nimchague: watengeneza filamu wamempenda akiwa katika minyororo. Alikuwa mateka katika Amistad, na mtumwa tena katika Gladiator mwaka 2000. Ningependa kumwona mara moja akiwa mzee anayeombwa na Khalifa, akiwa na uwezo wa kukataa. Sauti ya adhana isingekuwa yake. Hiyo ningemtafuta muadhini, nisimwoneshe. Na Umar asingeonekana, ingawa tamthilia iliyobeba jina lake mwaka 2012 ilimwonesha, na maulamaa wakagawanyika, wengine wakiipitia na kuiidhinisha, Al-Azhar ikipinga. Katika hilo nipo pamoja na mzee wetu wa kamati, angalau nusu ya njia.

Nilikwenda nyumbani kwa mama yule nikakiri kwamba nilicheka mahali pasipochekwa. Alinikaribisha chai. Jumamosi iliyofuata sikuonesha filamu, niliwasimulia watoto habari za Usama bin Zayd (r.a.), aliyepewa uongozi wa jeshi kabla ya kufikisha miaka ishirini, wakubwa wakiwa chini yake, na jinsi Abu Bakr (r.a.) alivyomsindikiza akitembea kwa miguu huku kijana yule amepanda, akikataa asishuke. Sikutaja kwamba Usama alikuwa mweusi. Nilijiuliza njiani kama kwa kuchagua kisa hicho sikuwa narudia kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, na hata sasa sina hakika.

Walipotawanyika mtoto yule alibaki akikunja mikeka, kazi ambayo hakuitumwa.

"Ustadhi, mimi nitakuwa yule aliyepanda."

"Haya."

"Abu Bakr atakuwa nani?"

Nikamwambia kwamba Abu Bakr haoneshwi.

Akasimama na mkeka mkononi, akifikiri. "Kwa hiyo mimi nimepanda, na pembeni yangu pale chini hakuna mtu?"

"Hakuna."

Aliangalia sakafu upande wake wa kulia kwa muda, kama anayepima urefu wa mtu aliyesimama hapo, kisha akainamisha kichwa kidogo.

"Nitamtazama hivi," alisema.