Moshi Hupenda AC: Hii Boksi Ndogo Kwa Njia ya Hewa Ndiyo Inaweza Kukuokoa

Ukiingia hoteli kali ama ofisi yenye AC hapa Masaku, jua likiwa limekuchoma kutoka stendi ya mathree, kitu ya kwanza unafanya ni kusimama chini ya yale matundu ya siling'i upulizwe. Raha, ama? Sasa jiulize, hiyo hewa imetoka wapi? Juu ya siling'i kuna njia za bati, kama mabomba makubwa ya mraba, zinazounganisha vyumba na feni moja kubwa. Feni inavuta hewa, inaipoza, inairudisha. Moto ukishika jikoni hapo chini, feni haijui. Itavuta moshi na kuwapelekea wasee wa floo ya tano wakiwa wamelala.

Usidhani natia chumvi. Tarehe 21 Novemba 1980, hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, Marekani, ilishika moto kwenye mkahawa wa chini. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa floo za juu, mbali kabisa na moto. Moshi uliwafikia kupitia ngazi, njia za lifti na mfumo wa hewa. Moto wenyewe haukuwagusa.

Ndiyo maana kuna kitambua moshi cha kufungwa kwenye njia ya hewa. Hii si ile ya duara unaona kwa siling'i. Ni boksi inayokaa nje ya bati, yenye mirija miwili inayoingia ndani. Mrija wa kwanza una matundu madogo yanayoangalia upepo unakotoka. Hewa inaingia hapo, inapita kwa boksi, inatokea kwa mrija wa pili. Ndani ya boksi kuna taa ndogo na jicho la kielektroniki, lakini haziangaliani. Unajua vile usiku hauoni mwanga wa taa za lori mpaka vumbi la murram liinuke? Ni hivyo hivyo. Hewa ikiwa safi jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembe zake zinatawanya mwanga, jicho linapata rada, na boksi inafanya kazi mbili: inaita alamu na kuzima feni. Hiyo ya kuzima feni ndiyo maana yake yote.

Kwa wasee mnaosomea stima ama AC huko koleji, kazi kubwa hapa ni kuchagua pahali. Usifunge karibu na kona, kwa sababu upepo hapo unazunguka ovyo na moshi unaweza kupita upande mwingine. Tafuta sehemu ndefu iliyonyooka. Upande wa hewa inayoenda vyumbani, kaa baada ya chujio. Upande wa hewa inayorudi, kaa kabla haijachanganyika na ile ya nje. Ziba vizuri pale mirija inapoingia, juu hewa ikivuja boksi haipati sampuli ya maana. Na tafadhali acha kifuniko cha kufungua kwa siling'i. Kuna fundi atafunga kitu fiti kabisa, halafu wenye plasta waje wafunike, na hakuna mtu atakiona tena mpaka jengo libomolewe.

Kupima nako ndiko wengi huchapa nusu. Fundi anakuja na sumaku, anagusa boksi, alamu inalia, anasaini karatasi, anaomba doo. Sumaku inaonyesha tu kuwa umeme wa ndani uko sawa. Haikwambii kama mirija imejaa vumbi, na vumbi ya Ukambani mnaijua. Kipimo cha ukweli ni kupima tofauti ya msukumo wa hewa kati ya ile mirija miwili, kisha kupuliza moshi wa kopo wa majaribio. Halafu enda usimame kwa feni. Imezima? Kama alamu imelia na feni bado inazunguka, hiyo mashine imefeli. Hii irudiwe angalau kila mwaka, na jicho lisafishwe, kwa sababu jicho chafu hulia bure, na alamu ikilia bure mara tatu msimamizi huchomoa waya.

Lakini tusidanganyane, hiyo boksi hailindi kila mtu. Feni ikiwa imezimwa haivuti kitu, kwa hivyo bado unahitaji zile za siling'i vyumbani. Na kuna mahali hata alamu haitoshi. Hapa hapa Machakos, usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli lilichomwa kwa petroli. Wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wale maboy hawakukosa kujua kuna moto. Walikosa pa kutokea. Miaka 16 baadaye ikawa Moi Girls Nairobi, halafu 2024 Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21.

Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto kazini ziko tangu 2007, na zinataka njia za kutokea ziwe wazi watu wakiwa ndani, na mazoezi ya moto kila mwaka. Wewe umewahi kufanya hata moja kwa hostel yako?

Leo ukifika keja ama hostel, jaribu kufungua ule mlango wa dharura. Ukipata kufuli, muulize soja ufunguo uko na nani, na huyo mtu hulala wapi.