Taka za Nyuklia Zikizikwa Ardhini, Je, Hutulia?

Ndugu msomaji, nchi kadhaa zenye vinu vya nyuklia zinakusudia kuzika taka zake kali ndani kabisa ya miamba. Swali ni hili: sumu hiyo itafika wapi, na lini? Kinachoibeba ni maji yapitayo chini ya ardhi. Kwa hiyo wataalamu hupima nyufa za mwamba na mwendo wa maji, kisha hukadiria kwa kompyuta safari ya maelfu ya miaka.

Si kila kitu husafiri sawa. Iodini huyeyuka ikaenda na maji. Plutoni huyeyuka kwa shida na hung'ang'ania mwamba, hivyo ilidhaniwa haiendi mbali.

Lakini huko Nevada, Marekani, yalikojaribiwa mabomu chini ya ardhi, plutoni ilikutwa katika maji ya kisima kilicho kilomita 1.3 kutoka lilipolipuliwa bomu la Benham mwaka 1968. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa ilibebwa na chembe ndogo mno za udongo na madini, zinazoelea majini mfano wa vumbi hewani. Kiasi kilikuwa kidogo sana, ila hesabu zisizotia chembe hizo zilionekana kuwa na pengo.

Plutoni huchukua miaka kama 24,000 kupungua nusu tu. Anayezika leo anawaamulia watu ambao hawajazaliwa. Hiyo ni amana: makadirio yapimwe kwa visima na yasahihishwe kila elimu inapoongezeka. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.