Mwani Hauchukui Nafasi ya Dawa ya Kisukari

"Daktari, nikianza unga wa mwani, metformini niiache lini?" Swali hili linanifikia kutoka Handeni na Korogwe kila mara, na jibu ni lile lile: usiiache.

Wauzaji wana hoja moja. Mwani una antioksidanti. Kisukari huzalisha chembe haribifu zinazoumiza mishipa, macho na figo. Antioksidanti huzizima chembe hizo. Yote hayo ni kweli. Uongo uko kwenye hitimisho, kwamba basi mwani unatibu kisukari. Chembe hizo huongezeka kwa sababu sukari imepanda. Kuhangaika nazo huku sukari ikibaki juu ni kudeki sakafu bomba likiwa wazi.

"Utafiti umethibitisha," wanasema. Upi? Nyingi ya tafiti hizo ni za panya waliodungwa sindano ya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kisha wakapewa dondoo la maabara, mara nyingi la mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa pwani ya Tanga na Zanzibar ni mwekundu, spinosamu na kotonii, na mwingi husafirishwa nje kutolewa karaginani ya kugandishia vyakula na dawa ya meno. Kijiko cha unga si lile dondoo, na wewe si panya.

Kwa binadamu, utafiti wa HOPE wa mwaka 2000 ulilinganisha vitamini E, antioksidanti maarufu, na kidonge kisicho na dawa kwa watu zaidi ya 9,000, wakiwamo zaidi ya 3,600 wenye kisukari, kwa takriban miaka minne na nusu. Haikupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo.

Isitoshe, mwani una madini joto na potasiamu: mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo au figo unaweza kumdhuru.

Ukiupenda, ule kama mboga; mchunga na mlenda pia vina antioksidanti. Meza dawa kila siku. Punguza tonge la ugali na bada, acha soda, tembea. Pima sukari na presha, kagua miguu kila jioni, pimwa macho na figo kila mwaka.

Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Yeyote anayekuuzia unga na kukuambia uache dawa anahatarisha maisha yako. Usinunue kwake.